Kutoka Hatari! hadi Star Wars, kwa Njia ya Momela

Mjomba wangu alikuwa na kanda ya Hatari! iliyochoka kiasi kwamba nyasi zilikuwa zimegeuka rangi ya waridi. Kila Krismasi, ndugu wakishajaa nyumbani Usa River, kanda ilitiwa kwenye deki, na hakuna aliyefuata stori. Watu wa kwetu huitazama filamu ile kama wanavyotazama video ya harusi: wanatafuta sura na mahali. "Simamisha! Rudisha kidogo. Ule si Meru ule?" Mjomba anasimamisha, mlima unatetemeka kwenye kioo, ubishi unaanza kuhusu upande uliopigwa picha, na John Wayne anangoja juu ya lori lake, mkono hewani, mpaka wazee wakubaliane.

Ni katika simamisha-rudisha hiyo ndipo nilipolisoma jina la mwandishi: Leigh Brackett. Halikuniambia kitu. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshaambukizwa ugonjwa wa Star Wars na nimeuzoea, nililiona jina lilelile mwishoni mwa The Empire Strikes Back, ya mwaka 1980, pembeni ya jina la Lawrence Kasdan. Nikadhani majina yamefanana tu, mzee mmoja wa Kimarekani na mwenzake. Kumbe mtu ni mmoja, na ni mwanamke. Aliyewaandika wakamata faru wa Momela ndiye aliyeandika muswada wa kwanza wa filamu ambayo mashabiki wengi, mimi nikiwamo, tunaiona bora kuliko zote za mfululizo ule.

Tangu siku hiyo nikawa natafuta vitabu. Simaanishi vitabu vizito vya uhakiki. Namaanisha vile vya jalada laini vinavyotungwa kutokana na filamu, au pembezoni mwa filamu, ambavyo kwenye meza za vitabu vya mitumba mjini Arusha huwekwa chini kabisa ya rundo, kwa sababu hata muuzaji anaona haya. Vina sifa mbaya: vinaitwa uchuuzi, makapi, kitabu cha mtu asiye na fulana ya kununua. Nimevisoma vingi. Na nikiulizwa vina faida gani, sianzii Hollywood, naanzia Momela.

Ukitoka barabara kuu ya Arusha na Moshi pale Usa River ukakata kaskazini, unaingia upande wa Meru uliovunjika. Zamani sana ubavu wa mashariki wa mlima ulibomoka, mawe na matope yakaporomoka hadi bondeni, na mabonde madogo yaliyobaki kwenye kifusi yakajaa maji. Ndiyo maziwa ya Momela. Maji yake ni ya magadi, heroe huyapenda, na kila ziwa lina rangi yake ingawa yamekaa kama majirani wa uzio mmoja. Twiga wako kila mahali. Asubuhi mawingu yakifunguka, nyuma yako unaona Meru na shimo lake, mbele yako Kilimanjaro. Mtu wa sinema hahitaji kushawishiwa.

Lakini kabla ya sinema palikuwa na mashamba. Margarete Trappe, Mjerumani, alifika nchini na mumewe mwaka 1907, wakapata ardhi Momela, naye akajulikana kwa farasi na bunduki hadi alipofariki mwaka 1957. Wajerumani wamemwandikia kitabu, na mwaka 2007 televisheni yao ikamtengenezea filamu. Upande wa pili, si mbali na maziwa hayo, ni Engare Nanyuki. Huko Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu, ikachoma nyumba zao, ili ardhi igawiwe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko ya watu wake. Hakurudishiwa ardhi kwa kura ya pale, ila kesi ya Wameru ilisikika dunia nzima, na TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, ilikuta uwanja umeshalimwa.

Nayataja haya kwa sababu miaka tisa tu baada ya moshi wa Engare Nanyuki, yakaja malori ya Hollywood.

Howard Hawks, mwongozaji wa Hatari!, alianza kupiga picha mwishoni mwa Novemba 1960. Tanganyika ilikuwa imeshafanya uchaguzi, Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi, na uhuru ulikuwa mwaka mmoja mbele. Ndani ya filamu hutasikia hata kikohozi cha mambo hayo. Kuna kikundi cha wageni, Mmarekani, Mjerumani, Mfaransa na wengineo, wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo, na shamba lao linaitwa Momella. Elsa Martinelli anakuja kupiga picha, analea watoto wa tembo, wenyeji wanampa jina la Mama Tembo, na mwisho tembo hao wanamfukuza katika barabara za Arusha. Muziki wa Henry Mancini wa kutembea kwa tembo mdogo hadi leo watu huupiga mluzi bila kujua ulitoka wapi.

Jinsi filamu ilivyotengenezwa ndiyo inayonivutia zaidi. Hawks hakwenda na skripti iliyokamilika. Mnyama hasomi skripti. Wakati ule kazi ya kukamata ilifanywa hivi: lori linakimbizwa nyikani sambamba na mnyama, mkamataji amefungwa kwenye kiti kilichopachikwa mbele, juu ya ubawa wa gurudumu, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi cha kamba mwishoni. Dereva akikosea kidogo, kiti kile ndicho kinachotangulia kwenye kichuguu. Kitanzi kikiingia shingoni, lori linapunguza mwendo, gari la pili linafika, watu wanashuka na kamba nyingine za kufunga miguu. Hawks aliwataka waigizaji wenyewe wakae kwenye viti vile. John Wayne, mtu wa miaka 53, alikaa. Faru alipokata kamba na kukimbia, kamera ziliendelea kuzunguka, na kukatika huko kukaingia kwenye stori.

Kwa hiyo kazi ya Brackett ilikuwa ya fundi cherehani aliyeletewa vitambaa vilivyokwisha kukatwa. Hapa faru, hapa twiga, hapa nyani walionaswa juu ya mti kwa roketi na wavu: sasa shona. Mapenzi, wivu, mtu aliyejeruhiwa mguu na faru mwanzoni mwa filamu ili faru wa mwisho awe na deni. Nyuzi zinaonekana, sitadanganya. Filamu ni ya dakika 157 na kuna saa nzima ambayo watu wanakunywa tu na kutaniana. Lakini fundi aliyewezesha vitambaa vile vivalike si wa kawaida.

Alitoka wapi? Alizaliwa Los Angeles mwaka 1915, akaanza kuuza hadithi kwenye majarida ya bei poa mwaka 1940, yale yenye majalada ya majoka na roketi. Mars yake ilikuwa sayari kongwe, bahari zimekauka, miji imebaki magofu, na wageni kutoka Dunia wamekuja na kampuni zao kuchimba na kununua. Shujaa wake maarufu, Eric John Stark, alilelewa na wenyeji wa Utaridi baada ya kufiwa na wazazi, na kila mara anapolazimika kuchagua kati ya kampuni na washenzi, anaegemea washenzi. Nilipozisoma hadithi hizo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kitandani. Mwanamke huyu aliuelewa ukoloni vizuri kabisa mradi uwe mbali maili milioni kadhaa. Alipopewa Tanganyika ya kweli, yenye Engare Nanyuki yake mlango wa pili, akaandika wazungu wanaokunywa.

Simlaumu sana. Hollywood ilimwajiri kwa jambo jingine. Mwaka 1944 alitoa riwaya ya upelelezi, Hawks akaisoma, akaambiwa mwandishi anaitwa Brackett, akaagiza aitwe jamaa huyo. Akaingia msichana. Akamwajiri hivyohivyo, na The Big Sleep ya mwaka 1946 ikaandikwa na yeye, William Faulkner na Jules Furthman. Mwaka 1959 wakafanya Rio Bravo, na hapo ndipo nilipokuwa nakuelekeza: riwaya ya jalada laini iliyotoka pamoja na filamu ile aliiandika Brackett mwenyewe. Mtu aliyeheshimika kiasi cha kuandika na Faulkner hakuona aibu kukaa chini na kuigeuza skripti kuwa kitabu cha kusomwa kwenye basi. Hatari! nayo ilipata riwaya yake, ila hiyo iliandikwa na mwingine, Michael Milner, kutoka kwenye skripti ya Brackett. Fikiria mzunguko wenyewe: faru anakimbia, kamera inamfuata, mwandishi anamshonea sababu ya kukimbia, kisha mwandishi wa pili anakaa na karatasi kumkimbiza faru upya kwa maneno.

Basi tuje kwenye Star Wars.

Kitabu cha Star Wars kilitoka mwishoni mwa mwaka 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu yenyewe kuonyeshwa Mei 1977. Juu ya jalada kuna jina la George Lucas, mwenye filamu. Aliyeandika ni Alan Dean Foster. Alifanyia kazi skripti wakati filamu haijamaliza kukatwa, ndiyo maana kitabu hakifanani kabisa na kilichoonekana kwenye kioo. Ndani ya kitabu shujaa Luke anarusha ndege katika kikosi cha Bluu, kwenye filamu ni Chekundu. Mfalme wa dola, ambaye filamu za baadaye zitamfanya mchawi mwenye radi mikononi, kwenye kitabu ni mwanasiasa aliyejipandisha cheo na sasa amezingirwa na wasaidizi wake mwenyewe. Kisha yupo Biggs, rafiki wa Luke wa utotoni. Walipiga picha za Biggs akirudi kijijini kumuaga mwenzake, picha zikakatwa, na kwenye filamu anaonekana dakika za mwisho tu ili afe. Ukitazama filamu peke yake hujui kwa nini kifo chake kimuume Luke namna ile. Ukisoma kitabu unajua.

Hili ndilo ninalowaambia marafiki wanaonicheka. Riwaya ya namna hii ni kama picha ya jikoni iliyopigwa kabla ya wageni kufika. Vyungu bado viko wazi, mtu ana mkono kwenye unga. Donald F. Glut aliandika kitabu cha The Empire Strikes Back, na Yoda wake ana ngozi ya rangi ya samawati. Wapo mashabiki wanaotaja jambo hilo kama kosa la kuchekesha. Mimi nalipenda kuliko kurasa nyingi zilizo sahihi, maana linanionyesha kwamba kuna siku Yoda alikuwa bado hajaamuliwa.

Foster aliandika na kingine, Splinter of the Mind's Eye, cha mwaka 1978. Hiki nakipenda kwa ushamba wake. Kiliagizwa kiwe stori ya filamu ya pili endapo ya kwanza haitauza, kwa hiyo kilitakiwa kiwe cha bei rahisi: kila kitu kinatokea kwenye sayari moja ya vinamasi na ukungu, kwa sababu ukungu unaficha umaskini wa mandhari. Han Solo hayumo kwa kuwa Harrison Ford hakuwa amefungwa na mkataba wa filamu nyingine. Na Luke anamtazama Leia kwa macho ambayo leo msomaji anataka kumfunika. Hakuna aliyejua kuwa ni dada yake. Lucas mwenyewe hakuwa amefika hapo. Filamu ya kwanza ikauza kupita ndoto zote, ukungu haukuhitajika tena, na Lucas akaenda kumtafuta Brackett.

Muswada wake ulikamilika Februari 1978. Machi 18 mwaka huohuo saratani ikamchukua, akiwa na miaka 62. Lucas, aliyekuta mambo mengi yasiyomridhisha, hakuwa na wa kukaa naye tena, akaandika muswada uliofuata yeye mwenyewe, kisha Kasdan akaingia. Lakini wa kwanza upo, umehifadhiwa, na wanaoufahamu wanajua kilichomo. Yoda anaitwa Minch. Luke ana dada pacha, naye si Leia, jina lake Nellith. Na baba yake Luke anatokea kama roho, mzee wa heri, kumuapisha mwanawe. Yaani Darth Vader si baba yake. Ile sentensi ambayo hata mtoto wa banda la video anaijua haikuwapo bado duniani mwanamke huyu alipofunga mashine yake ya chapa.

Hakuna aliyeigeuza skripti ile kuwa riwaya. Nimesoma riwaya za Star Wars hadi macho yakauma, na hicho ndicho kitabu ninachokitaka ambacho hakipo.

Vilivyokuja baadaye nitavipitia haraka, maana vimeandikwa hadi kukinai. Mwaka 1991 Timothy Zahn alitoa Heir to the Empire na kufufua soko zima. Alimbuni Thrawn, kamanda mwenye ngozi ya buluu anayejifunza adui kwa kutazama sanaa yake, na akaupa mji mkuu wa galaksi jina la Coruscant, ambalo Lucas alilichukua akalitumia kwenye filamu zake. Kitabu kikailisha filamu, mtoto akamnyonyesha mama. Vikafuata vitabu makumi kwa makumi, vingine vizuri, vingine vya kufungia maandazi. Halafu Aprili 2014, Disney ikiwa imeshanunua kampuni ya Lucas, ikatangazwa kwamba yote yale sasa ni ngano tu, hayahesabiki. Wapo waliolia kana kwamba wamefiwa. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na nikaendelea kunywa. Mtu aliyekulia uswahilini hasubiri kampuni imwambie hadithi ipi imetokea. Lufufu alipokuwa akitafsiri filamu za Kihindi na za Kimarekani kwa sauti yake, akiongeza mizaha na mashangazi ambao hawakuwapo, nani alimuuliza kibali? Joshua Amandus Mtani alipoichora Titanic kuwa katuni ya Kiswahili, wasomaji walinunua. Sisi kila filamu iliyoingia nchini tumeiandikia riwaya yake, hata kama ni ya mdomo, hata kama steringi kabadilishwa kabila.

Isipokuwa Hatari!, ambayo ilipigwa kwetu. Ajabu ni hiyo. Hardy Krüger, Mjerumani wa kwenye filamu, alipapenda Momela akanunua shamba, akakaa kwa miaka, na mwaka 1970 akatoa kitabu kwa Kijerumani kuhusu shamba lake Afrika. Ardhi ya maziwa ikaingia kwenye hifadhi, ambayo mwaka 1967 ilipanuliwa kuukumbatia mlima na leo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Nyumba aliyojenga Krüger ni loji ya watalii, nayo inaitwa Hatari. Mwaka 1967 pia Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton walichapisha kitabu chao kwa Kiingereza juu ya kesi ya ardhi ya Meru. Vitabu hivi viwili vimetoka bonde moja, vimepishana miaka mitatu, na ukivisoma mfululizo hutaamini vinazungumzia udongo mmoja. Hicho cha Japhet hakuna aliyekitengenezea filamu.

Mwaka juzi nilipanda hadi karibu na geti la Momela kumtembelea mzee mmoja, jirani wa ukoo wetu, ambaye wakati wa malori alikuwa kijana wa kubeba maji. Nilikuwa na kitabu cha Foster mkobani, jalada limeshaachia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho nini, Biblia?"

Nikamwambia ni kitabu cha sinema ya vita vya angani. Akakigeuza, akakinusa, akataka kujua kwa nini mtu asome kitu alichokwisha kukitazama. Nikamweleza habari za Biggs: kijana aliyepigwa picha akiagana na mwenzake, picha zikatupwa, ila maagano yao yamebaki humu ndani, ukurasa kwa ukurasa.

Alinyamaza akimwangalia mbega aliyeruka kwenye mti wa uani.

"Kwa hiyo aliyekatwa kwenye picha anakuwamo kwenye kitabu?"

"Anakuwamo, babu."

"Na hii ya kwetu, ile ya faru. Wale waliokuwa wanashuka na kamba za miguu, wameandikwa?"

"Hawajaandikwa."

Akanirudishia kitabu, akavuta kigoda karibu, akaniuliza kama nina kalamu. Nilikuwa nayo. Akaanza na dereva wa lori la pili, jina lake, la baba yake, na kijiji alikotoka kabla ya kuhamishwa.